Ombi langu la kubadilishiwa zamu limepuuzwa: nikiacha kazi, je, sheria ya Uingereza itahesabu kuwa nimeachishwa?

mama_wa_leicester ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu, hasa ninyi mnaoijua sheria ya ajira ya Uingereza, kwa sababu barua ya kuacha kazi nimekwisha kuiandika na kilichobaki ni kuikabidhi.

Nahudumia wazee katika makao ya wazee hapa Leicester, na nimekuwa na mwajiri huyu tangu mwaka 2022. Mwaka jana nilirudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mume wangu hufanya kazi ya usiku ghalani siku za juma na hutoka nyumbani saa 11 jioni, na kituo cha kulelea watoto tunachokimudu hufungwa saa 12 jioni, ilhali zamu ya jioni kazini kwangu huanza saa 8 mchana na kwisha saa 4 usiku. Kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba 2025 niliandika kuomba nipangiwe zamu za asubuhi siku za juma, kwa idadi ileile ya saa, na nikajitolea kuongezwa zamu za Jumamosi, siku ambayo mume wangu yuko nyumbani. Niliituma barua hiyo kwa baruapepe, nikaweka tarehe ya siku hiyo na tarehe ambayo ningependa mabadiliko yaanze, nikaeleza kwamba ni ombi linalotolewa chini ya sheria na kwamba sijawahi kuomba kabla ya hapo.

Meneja hakuniita. Nilipomkumbusha, alinijibu mbele ya wenzangu kwamba kila mtu pale ana watoto, na kwamba akinikubalia mimi atalazimika kuwakubalia wote. Katikati ya Desemba nikapokea ujumbe wa simu wa sentensi moja, kwamba ombi langu haliwezekani kutokana na mahitaji ya kazi. Nilikata rufaa kwa maandishi, na sasa tunamaliza Januari bila jibu. Ratiba ya zamu iliyotoka wiki hii imenipa zamu nyingi za jioni kuliko nilizokuwa nazo kabla sijaomba, wakati mwenzangu wa kiume aliyetaka asubuhi kwa ajili ya masomo alikubaliwa bila hata kuandika barua.

Nimechoka, na kila nikiiona ile ratiba nahisi kwamba ninaadhibiwa kwa kuomba. Nataka kujua kama haya yanatosha kwangu kuondoka na sheria ikahesabu kwamba wao ndio walioniachisha. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye aliwahi kufungua shauri la kazi, ananiambia nina siku 30 tu. Mwenzangu wa hapa anasema ni miezi mitatu, na tena anasema kwamba hata nikishinda nitalipwa mshahara wa wiki nane, basi. Niongeze kwamba niko kwa viza ya wahudumu wa afya, na mdhamini wangu ni mwajiri huyu huyu.

---

mwakilishi_bham amejibu:

Dada yangu, pole sana. Naomba kabla ya yote barua hiyo usiikabidhi wiki hii. Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapa Birmingham kwa muda mrefu, na watu niliowaona wakipoteza mashauri ambayo wangeweza kuyashinda, wengi wao walipoteza kwa sababu ya namna walivyoondoka.

Una mambo mawili yaliyochanganyika, na kila moja lina kanuni zake. La kwanza ni namna ombi lako lilivyoshughulikiwa. La pili ni iwapo mwajiri ameuvunja mkataba wako kwa kiwango kinachokupa haki ya kuondoka na kuhesabiwa kuwa umeachishwa.

Nianze na la kwanza, ambalo kwa maelezo yako liko wazi. Haki ya kuomba kubadilishiwa mpangilio wa kazi imo katika Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996, kuanzia kifungu cha 80F. Tangu 6 Aprili 2024 haki hiyo ni ya kila mwajiriwa kuanzia siku yake ya kwanza kazini, ambapo zamani ilibidi awe amefanya kazi wiki 26, na mtu anaweza kuomba mara mbili ndani ya miezi 12. Mwajiri naye anabanwa na masharti matatu. Lazima ashauriane na mwombaji kabla ya kukataa. Lazima amalize kila kitu, pamoja na rufaa kama anaruhusu rufaa, ndani ya miezi miwili, isipokuwa mmekubaliana kuongeza muda. Na anaweza kukataa kwa sababu nane tu zilizotajwa na sheria: mzigo wa gharama za ziada, kudhoofika kwa uwezo wa kukidhi mahitaji ya wateja, kushindwa kugawa kazi upya miongoni mwa wafanyakazi waliopo, kushindwa kuajiri wengine, kuathirika kwa ubora, kuathirika kwa utendaji, upungufu wa kazi katika saa ambazo mwombaji anataka kufanya kazi, au mabadiliko ya muundo ambayo yamekwisha kupangwa. Kauli ya jumla kwamba ni mahitaji ya kazi, ikiwa peke yake, haimwambii mtu ni sababu ipi kati ya hizo. Wewe hukuitwa, muda wako wa miezi miwili ulikwisha mwanzoni mwa Desemba, na rufaa yako imewekwa kando. Kuna pia Kanuni ya Utendaji ya shirika la usuluhishi la Acas, ya Aprili 2024, ambayo Baraza la Ajira, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, hulazimika kuizingatia inapohusika, na kanuni hiyo inataka mwajiri akutane na mfanyakazi, na inasema ni vizuri amruhusu mtu wa kumsindikiza.

Hapo ndipo maneno ya mwenzako kuhusu wiki nane yanapotoka, na ni ya kweli kwa dai hili la kwanza peke yake. Fidia ya juu kabisa ni malipo ya wiki nane, na malipo ya wiki yana kikomo, ambacho kwa mwaka ulioanza 6 Aprili 2025 ni pauni 719, kwa hiyo haiwezi kuzidi pauni 5,752, na kama mshahara wako wa wiki ni mdogo kuliko kikomo, hesabu hufuata mshahara wako. Wiki nane zenyewe hazitolewi ovyo. Katika shauri lililoamuliwa mwishoni mwa mwaka 2023, meneja wa mamlaka inayosimamia shughuli za fedha Uingereza aliomba kufanya kazi yote akiwa nyumbani. Baraza la Ajira lilikubali kwamba jibu lilichelewa, likampa malipo ya wiki moja, pauni 643 kwa kikomo cha wakati ule, na sababu za kumkataa likaziacha kama zilivyo.

Hata hivyo Baraza halifungwi na neno la mwajiri. Katika shauri la Commotion dhidi ya Rutty, lililoamuliwa na Baraza la Rufaa la Ajira, mama mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake aliomba kufanya kazi siku tatu kwa wiki katika ghala, na mwajiri akadai kwamba utendaji ungeathirika. Baraza la Rufaa lilisema kwamba majaji wa ajira wana haki ya kuchunguza kama dai hilo lilisimama juu ya mambo ya kweli. Kazi yao si kupima kama wangeamua tofauti. Wanatazama kama alichosema mwajiri kilikuwa na msingi. Kwako wewe hilo lina maana kwamba nakala ya ratiba za miezi mitatu iliyopita, inayoonesha nani alifanya asubuhi na nani jioni, ina thamani kubwa kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Sasa la pili, ambalo ndilo gumu. Kifungu cha 95 cha sheria hiyohiyo kinasema mtu ameachishwa hata kama ameondoka mwenyewe, kwa notisi au bila notisi, iwapo mwenendo wa mwajiri ulimpa haki ya kuuvunja mkataba papo hapo. Tangu shauri la Western Excavating dhidi ya Sharp la mwishoni mwa miaka ya 1970, kipimo ni kimoja: mwajiri awe amevunja sharti la msingi la mkataba, na haitoshi kwamba alifanya jambo lisilo la busara. Sharti linalotajwa mara nyingi halikuandikwa popote kwenye mkataba wako. Ni lile la kuaminiana, ambalo Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, lililithibitisha mwaka 1997 katika shauri la wafanyakazi wa benki ya BCCI, kwamba mwajiri, bila sababu ya haki, asitende jambo linaloelekea kuvunja au kuharibu vibaya imani kati yake na mfanyakazi.

Kuchelewa kujibu barua, peke yake, kwa kawaida hakufiki huko. Kinachoweza kufika ni mfululizo: kudharauliwa hadharani, kutoitwa, kukataliwa bila sababu inayotambulika, rufaa kupuuzwa, kisha ratiba kubadilishwa kwa kukuumiza baada ya kuomba. Hili la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kwa sababu sheria inakataza waziwazi, katika kifungu cha 47E, kumtendea mtu vibaya kwa kuwa ameomba kubadilishiwa mpangilio wa kazi, na kifungu cha 104C kinafanya kumwachisha mtu kwa sababu hiyo kuwa ni uonevu moja kwa moja, hata kama hajatimiza miaka miwili kazini. Wewe miaka miwili umeipita, kwa hiyo hata dai la kawaida la kuachishwa bila haki unalo. Ila mzigo wa kuthibitisha kwamba uliachishwa uko juu yako, na kama leo hujamwandikia mtu yeyote kuuliza kwa nini ratiba imebadilika, mwajiri atakuja na maelezo yake kwa mara ya kwanza mbele ya majaji, na yatasikika vizuri.

---

mkongwe_wa_reading amejibu:

Naheshimu aliyotangulia kusema ndugu mwakilishi, lakini naogopa kwamba dada akingoja sana atakuja kuambiwa ameridhika. Nilivyoelewa mimi, mtu akivunjiwa mkataba halafu akaendelea kuja kazini na kupokea mshahara, sheria huhesabu kwamba amekubali mambo yalivyo. Ningekuwa yeye ningeondoka sasa, wakati uchungu bado ni mpya na ratiba ile iko mkononi.

---

wakili_wa_ajira amejibu:

Ndugu yangu wa Reading, hofu yako ni ya kweli, na mashauri ya tangu mwaka 1981 yanaiunga mkono kwa kiasi, ila hitimisho lako silikubali. Kinachomfanya mtu ahesabiwe kuwa ameridhika si kupita kwa siku tu, ni mwenendo unaoonesha wazi kwamba ameuchagua mkataba uendelee. Mfanyakazi anayeandika kwamba anafanya zamu hizi huku akipinga, kwamba anasubiri jibu la rufaa yake, na kwamba hajakubali mabadiliko, hayuko mahali pamoja na aliyenyamaza miezi sita. Tena Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kaur dhidi ya hospitali za Leeds la mwaka 2018, iliweka utaratibu wa kuuliza ambao mimi huufuata na kila mteja: tendo la mwisho la mwajiri lililokufanya uondoke ni lipi, je, tangu litokee umeonesha kwamba unaendelea na mkataba, je, tendo hilo peke yake linatosha kuvunja mkataba, kama halitoshi, je, ni sehemu ya mfululizo ambao kwa pamoja unavunja sharti la kuaminiana, na je, uliondoka, angalau kwa sehemu, kwa sababu yake. Kwa utaratibu huo, ratiba ya wiki hii ikifuatana na jibu baya la rufaa inaweza kuamsha yote yaliyotangulia. Tatizo la kuondoka leo ni kwamba rufaa bado iko wazi, na wakili wa mwajiri atauliza swali moja: kwa nini hukungoja?

Lakini lililonifanya niandike ni kwamba hakuna aliyetaja dai ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko yote mawili. Ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kifungu cha 19, kuhusu ubaguzi usio wa moja kwa moja. Mwajiri akiwa na sharti linalowahusu wote kwa usawa, kwa mfano kwamba kila mhudumu lazima afanye zamu za jioni, na sharti hilo likawaweka wanawake katika hali ngumu kuliko wanaume, na likakuumiza wewe, basi ni juu yake kuthibitisha kwamba ana lengo halali na kwamba njia aliyoichagua inalingana na lengo hilo. Zamani ilibidi mwanamke alete ushahidi kwamba wanawake ndio wanaobeba zaidi malezi. Mwaka 2021, katika shauri la Dobson dhidi ya North Cumbria Integrated Care NHS Foundation Trust, lililomhusu muuguzi wa jamii aliyetakiwa kukubali zamu zisizotabirika pamoja na za mwishoni mwa wiki, Baraza la Rufaa la Ajira lilisema kwamba jambo hilo linajulikana kiasi kwamba mabaraza yanapaswa kulitambua yenyewe, ingawa bado yatatazama kama katika kazi husika sharti lile kweli linawaumiza wanawake zaidi. Mwaka 2023, katika shauri la Glover dhidi ya Lacoste, lilisema pia kwamba sharti huhesabiwa kuwa limetumika kwako pale ombi linapokataliwa kwa uamuzi wa mwisho, hata kama baadaye mwajiri akibadili mawazo.

Dai hili halina sharti la miaka miwili, halina kikomo cha wiki nane wala kikomo kingine cha fidia, na Sheria ya Usawa inatambua pia kuondoka kwa kulazimika kuwa ni kuachishwa. Mwaka 2021 meneja wa mauzo wa wakala wa nyumba jijini London, aliyeomba siku nne kwa wiki na kutoka saa 11 jioni ili awahi kituo cha mtoto, alipewa zaidi ya pauni 180,000 baada ya kukataliwa na kujiuzulu, na dai lililombeba lilikuwa la ubaguzi usio wa moja kwa moja. Simtaji ili uhesabu pesa hizo, maana mshahara wake na hasara yake vilikuwa vyake. Namtaja uone kwamba tofauti ya kuchagua dai inaweza kuwa kubwa mno.

Nisikupe upande mmoja. Makao ya wazee hayawezi kukosa watu jioni, na mwajiri atasema hivyo. Kama kweli wahudumu ni wachache na hakuna anayetaka jioni, anaweza kushinda. Ndiyo maana pendekezo lako la Jumamosi ni muhimu, na ningependa uongeze jingine kwa maandishi: mpango huo ujaribiwe kwa wiki 12, kisha upimwe. Mwajiri anayekataa hata jaribio, bila kuonesha ratiba wala hesabu yoyote, hupata shida kueleza kwamba njia yake ndiyo pekee iliyowezekana. Kuhusu mwenzako wa kiume, taja jambo hilo kwa uangalifu. Huenda saa zake, nafasi yake au mkataba wake ni tofauti. Kwa dai la kubaguliwa moja kwa moja utahitaji kujua hayo, lakini kwa dai la kifungu cha 19 tukio hilo linatosha kuonesha kwamba zamu za asubuhi zilikuwepo na zilitolewa.

Sasa muda. Shemeji yako hakukosea kwa nchi aliyopo. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinatambua pia mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Hapa Uingereza hesabu ni miezi mitatu kasoro siku moja, na kosa ambalo watu hulifanya ni kuanza kuihesabu siku waliyoacha kazi kwa madai yote. Kwa dai la kuachishwa ni kweli, huanza siku ajira inapokoma. Kwa dai la ubaguzi na la ombi kushughulikiwa vibaya, saa ilianza kuhesabu siku ulipokataliwa. Tuseme ujumbe ule ulikuja 15 Desemba 2025: siku yako ya mwisho ya kuwasiliana na Acas ni 14 Machi 2026, uwe umeacha kazi au bado uko kazini. Huwezi kufungua shauri bila kupitia kwanza usuluhishi wa Acas, na tangu 1 Desemba 2025 usuluhishi huo unaweza kuchukua hadi wiki 12, ambazo husimamisha hesabu. Sheria ya Haki za Ajira ya 2025, iliyopata idhini ya Mfalme 18 Desemba 2025, itaongeza miezi mitatu kuwa sita na itamtaka mwajiri awe na msingi wa busara anapokataa ombi kama lako, lakini hadi sasa, Januari 2026, sehemu hizo hazijaanza kutumika. Usizitegemee.

---

mhudumu_glasgow amejibu:

Nizungumzie viza, maana nimelipitia jambo hili kwa karibu na rafiki yangu. Dada, kuomba kubadilishiwa zamu ni haki yako sawa na ya mwenzako aliyezaliwa hapa, na viza haiipunguzi. Kwa kuwa hujaomba kupunguziwa saa, mshahara wako haushuki chini ya kiwango cha udhamini, na hilo ni jema. Ukiacha kazi, mwajiri anatakiwa kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi, na kwa kawaida wizara hukuandikia kwamba una siku 60, au muda uliobaki kwenye viza kama ni mfupi zaidi, uwe umepata mdhamini mwingine au umeondoka. Kuwa na shauri katika Baraza la Ajira hakukuongezei hata siku moja. Tena tangu 22 Julai 2025 wahudumu wapya hawaajiriwi tena kutoka nje ya nchi, kwa hiyo wewe uliyeko ndani unaweza kupata mwajiri mwenye leseni anayehitaji mtu. Mtafute sasa, ukiwa bado una kazi.

Na kama meneja akikutishia kwamba atakuondolea udhamini kwa sababu umelalamika, andika maneno yake, siku na saa, na nani alikuwepo. Ukiwa umekwisha kulalamika kwa maandishi kwamba unabaguliwa, tishio hilo linaweza kuwa dai jingine chini ya Sheria ya Usawa, la kulipiziwa kisasi.

---

mama_wa_leicester ameandika:

Ndugu zangu, nawashukuru nyote kutoka moyoni. Sikujua kwamba saa inahesabu tangu Desemba. Naomba swali moja la mwisho. Barua niliyoiandika inasema kwamba naacha kazi kwa sababu za kifamilia, nawashukuru kwa nafasi waliyonipa na nawaomba radhi kwa usumbufu. Niliandika hivyo ili waniandikie barua nzuri ya utambulisho kwa mwajiri mwingine. Ikibidi niondoke baadaye, je, naweza kuitumia hiyohiyo?

---

wakili_wa_ajira amejibu:

Dada, hapana. Tumelelewa kuaga kwa maneno mazuri, na katika mambo mengi ya maisha hilo ni jema, lakini barua hiyo inamwambia jaji kwamba uliondoka kwa sababu ya familia yako. Swali la tano nililolitaja, kama uliondoka kwa sababu ya tendo la mwajiri, litakuwa limejibiwa na kalamu yako mwenyewe.

Kwanza andika malalamiko rasmi, kurasa mbili zinatosha. Taja tarehe ya ombi, maneno uliyoambiwa mbele ya wenzako, ujumbe wa Desemba, rufaa isiyojibiwa na ratiba ya wiki hii. Sema kwamba unaamini sharti la zamu za jioni linakubagua kwa kuwa wewe ni mwanamke mwenye kulea, kwamba ratiba mpya inaonekana kuwa adhabu ya kuomba, na kwamba unazifanya zamu hizo huku ukizipinga. Omba wakujibu kwa tarehe utakayoitaja, na uambatanishe pendekezo la majaribio. Siku hiyohiyo omba, chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa, nakala za kila kilichoandikwa kuhusu ombi lako, pamoja na ujumbe wa simu kati ya meneja na ofisi kuu. Kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukupa, kwa hiyo utakuwa nazo kabla ya Machi.

Ikifika siku ya kuondoka, barua iwe na aya chache: naondoka kwa sababu ya haya na haya mliyoyafanya, la mwisho ni hili, na kwa hayo mmevunja imani iliyokuwepo kati yetu. Hakuna haja ya matusi wala ya shukrani. Na baada ya kuondoka tafuta kazi na utunze ushahidi kwamba unatafuta, kwa sababu Baraza hupunguza fidia ya mtu ambaye hakujitahidi kupunguza hasara yake.

---

mwakilishi_bham amejibu:

Naongeza mambo mawili ya gharama, maana najua ndiyo yanayowazuia wengi wetu. Kufungua shauri katika Baraza la Ajira hakulipiwi. Ada zilizokuwepo zilifutwa na Mahakama ya Juu mwezi Julai 2017, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wafanyakazi cha UNISON, na kwa kawaida aliyeshindwa halipi gharama za mwenzake isipokuwa ameendesha shauri bila msingi au kwa ubaya. Pili, angalia bima ya nyumba yako, kwa sababu nyingi zina kipengele cha kulipia wakili wa mambo ya ajira, na masharti yake hutaka uwaarifu mapema, kabla hujaacha kazi.

Kama hujajiunga na chama, unaweza kujiunga leo, ingawa vyama vingi havitetei kisheria tatizo lililoanza kabla ya mtu kujiunga. Hata hivyo katika kikao cha malalamiko rasmi sheria inakuruhusu kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama chochote atakayekubali kwenda nawe. Mimi niko saa moja tu kutoka Leicester kwa treni. Wakikupangia tarehe, niandikie.

Kwa ndugu mwingine anayesoma haya akiwa Belfast, vifungu tulivyovitaja ni vya England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria zake za ajira na baraza lake, na kule hata sharti la wiki 26 za kazi kabla ya kuomba halikuondolewa na mabadiliko ya Aprili 2024. Wasiliana na Wakala wa Mahusiano ya Kazi wa huko kabla hujahesabu siku zako.